Kisanduku Kilipogoma Siku ya Wimbo Wangu

Watu wa Ihanja wakitaka kunitania huniambia wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mimi huwajibu: haya niangalieni, nimekonda wapi? Tangu nizaliwe sijawahi kukonda, na wivu ninao, wala sijauficha uvunguni. Upole waliugawa nikiwa kisimani. Kwa hiyo haya ninayosimulia mtu asiyasome akadhani ni maneno ya mtakatifu.

Wimbo ulikuwa wangu. Niliuanza nyuma ya nyumba nikipura mtama, fimbo inapiga, mdomo unafuata, mpaka maneno yakakaa yenyewe: "Umenipitisha kwenye mawe, Bwana, miguu yangu haina jeraha." Nikaupeleka mazoezini. Mwalimu wetu wa kwaya, ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha shule ya msingi, akausikiliza akiwa amefumba macho, kisha akaupangia sauti nne ubaoni. Kuongoza akaniachia mimi, kwani nani mwingine? Nikauongoza kanisani, nikauongoza kwenye harusi na kwenye misiba, hadi watoto wa njiani wakiniona napita na ndoo wanaanza kuniimbia.

Halafu mwalimu akaoa.

Alioa binti wa Morogoro, nasi tukaanza kumwita Mama Mwalimu hata kabla hajapata mtoto, kwa heshima. Mwembamba, maji ya kunde, sare ya kwaya ikimkaa utadhani ilishonewa mwilini mwake. Kwao alikuwa amesomea uimbaji kwenye chuo cha Biblia. Siku ya kwanza alipofungua mdomo mazoezini, wanaume wa besi waligeuka wote, hata yule mwenye maumivu ya shingo. Sauti nyembamba, safi, haina hata punje ya mchanga. Roho iliniuma palepale, sikungoja nifike nyumbani.

Miaka hiyo ndiyo kila mtu alikuwa anafungua chake. Biashara zilikuwa zimeruhusiwa, na kila ukienda mjini unakuta kipya: mashine za watu binafsi za kukamua alizeti, mabasi ya watu binafsi, redio za watu binafsi, kompyuta za mitumba zimepangwa barazani pamoja na viatu vya mitumba. Kwaya nazo hazikubaki nyuma. Wenzetu wa Manyoni walikuwa na kaseti yao, wa Kiomboi walikuwa na kaseti na video juu yake. Kwaya isiyo na kaseti ilihesabiwa kuwa bado iko mazoezini. Nasi tukakubaliana twende Singida mjini tukarekodi.

Sasa kanisani ukinyang'anywa wimbo leo, wiki ijayo unaweza kurudishiwa. Kwenye kaseti hakuna wiki ijayo. Sauti itakayoingia mle ndiyo sauti ya wimbo ule, kwa mtu wa Itigi, kwa mtu wa Iramba, kwa mtu asiyekujua wala hatakujua maishani. Ndiyo maana mwalimu aliposimama mbele yetu kwenye mazoezi ya mwisho, akatangaza kwamba wimbo ule ataongoza mke wake, nyongo ilinipanda hadi kooni.

"Sauti yako nzuri, dada," akaniambia mbele ya watu. "Ila studio inataka sauti iliyonyooka."

"Na ya kwangu imepinda wapi, Mwalimu?"

Watu wakacheka. Mwalimu akakohoa, akasema tufunge kwa sala. Nilifumba macho kama wenzangu, lakini kusali sikusali.

Tulikwenda na lori lililopeleka alizeti mjini. Sare tulizifunga kwenye kanga zisishike vumbi. Mama Mwalimu aliketi mbele na dereva, kwa ajili ya koo lake, alisema mwalimu. Mimi nikapanda juu ya magunia na koo langu, na kila lori liliporuka shimo nilisonya kwa sauti ili walioko mbele wasikie. Hawakusikia.

Studio ilikuwa Unyambwa, chumba kimoja katika nyumba ya mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akipangisha. Kuta zilibandikwa trei za mayai na magodoro ya zamani. Fundi alikuwa mwanamume wa mjini, mwenye kofia na maneno mengi. Kabla hata hatujaweka mizigo chini alishaanza kutusifia kompyuta yake.

"Windows mimi niliiacha. Virusi vitupu. Mtu anakuja na flashi yake, kesho huna kazi, huna nyimbo. Hii ni Linux. Haiugui, na wala huizimi ovyo. Kuzima na kuwasha kila saa ni tabia ya Windows." Akaipigapiga kompyuta mgongoni kama mtu anayeuza ng'ombe.

Ila asubuhi ile alikuwa amewasha kompyuta akakuta kitu kimoja hakipo. Ni kisanduku cheusi, kidogo kuliko kitabu cha nyimbo, chenye waya mmoja wa USB wa kuchomeka kwenye kompyuta. Kompyuta yenyewe, alitueleza, ina tundu lake la sauti la kuzaliwa nalo, lakini ni la kusikilizia tu, halifai kwa kazi. Sauti ya kazi inaingia kwenye kile kisanduku kwa mbele, kutoka kwenye maiki, na inatokea kwa nyuma, kwenda kwenye spika na hedifoni. Bila kisanduku hakuna studio. Akatafuta huku na huku, mwishowe akakikuta sebuleni kwa mama mwenye nyumba, juu ya kabati, kimeviringishwa ndani ya kitambaa cha kufuma. Mama mwenyewe alikuwa amekwenda sokoni.

"Huyu mama kwa kupanga vitu!" fundi akasema. Akakifungua, akakipangusa, akakichomeka. Kitaa cha kijani kikawaka. Tukapiga makofi.

Fundi akaomba mtu mmoja aimbe kidogo ili apime sauti. Mama Mwalimu akainuka. Mwalimu akamshika mkono.

"Wewe pumzika, usichoshe koo." Akageuka huku na huku, macho yakanikuta mimi. "Dada, hebu wewe uimbe. Chochote tu. Ni kupima."

Ebo! Ng'ombe wa kulima nisiwe, wa kujaribia jembe niwe? Hata hivyo nikaenda. Nikasimama mbele ya ile maiki, nikafungua mdomo, na kwa makusudi nikaimba wimbo wangu, kuanzia juu, sehemu ya kuongoza yote. Kwenye kioo cha kompyuta mstari ukawa unaruka nilipopandisha sauti na kulala nilipomaliza. Fundi akabonyeza ili turudie kusikiliza. Kimya. Spika kimya. Akavaa hedifoni. Kimya.

"Mbona mstari unaruka?" mwalimu akauliza.

"Mstari si sauti. Unaweza kuwa umeme tu unapiga kelele. Mimi nisichokisikia sikirekodi. Dada, rudia."

Nikarudia. Kimya. Akachomoa nyaya zote, akapuliza matundu, akapangusa vichwa vya nyaya kwa shati lake. Nikarudia. Kimya. Akasema labda hedifoni zimekufa. Mwalimu alikuwa na redio ndogo ya mfukoni. Wakazichomeka kwenye redio, tukasikia mtu anatangaza bei ya vitunguu. Wakazirudisha kwenye kisanduku, mtangazaji yule akaondoka na dunia yote.

"Basi kompyuta haikioni kisanduku," fundi akasema. Akafungua dirisha jeusi kwenye kioo, akaandika maneno, mistari ikateremka. Akaweka kidole. "Inakiona. Hiki hapa, na jina lake."

"Kama inakiona mbona haisikii?" nikamuuliza.

"Dada, kuona na kusikia ni vitu viwili."

Hapo alisema kweli, maana mwalimu naye alikuwa akiniona.

Akafungua sehemu nyingine, nguzo zimepangwa wima, za kupandisha na kushusha sauti. Chini ya nguzo moja kulikuwa na herufi mbili za M. Fundi akapiga kofi. "Ndiyo hii! Imezibwa mdomo!" Akabonyeza, herufi zikaondoka, akaipandisha nguzo kutoka kijani hadi ikafika nyekundu. Watu wa kwaya waliokuwa barazani wakasimama, wakaanza kukung'uta sare.

"Dada, imba."

Nikaimba. Kimya.

Niseme ukweli, mtu hawezi kuimba wimbo mmoja asubuhi nzima kwa sauti ileile. Mwanzoni niliimba vizuri, kwa maringo, ili nionekane. Baadaye niliimba kwa kuchoka. Halafu dirishani nikamwona Mama Mwalimu. Alikuwa ameketi kibarazani kwenye kiti cha pekee chenye mgongo, ana kikombe cha tangawizi ya moto, anapiga fundo dogo, anafumba macho, anapiga fundo dogo. Mwalimu akatoka akamtandikia kanga mabegani, kuna upepo. Upepo! Mimi niko ndani nakaangwa na magodoro, jasho linanitoka hadi kwenye vifundo vya miguu, napima mtambo ili yeye aje aimbe wimbo wangu.

"Rudia, dada," fundi akasema. Alikuwa ameinama chini ya meza, mstari unaruka peke yake kwenye kioo.

Nikamwimbia yeye, yule wa kibarazani. Sikuimba kwa ajili ya Bwana wala ya fundi. Nilipofika kwenye "mawe" nikalivuta lile neno, nikalivuta, hasira ikanikaba katikati ikabidi nivute pumzi pasipostahili, kisha nikaliachia pamoja na "eee mama" ya kwetu ambayo haikuwemo ubaoni. Maneno ya "haina jeraha" nikayachelewesha kama mtu anayebisha. Fundi akatoka chini ya meza na utando wa buibui kwenye kofia, akabonyeza kusikiliza. Kimya vilevile.

"Si uizime basi uiwashe upya?" mwalimu akamwambia.

"Nimeshasema hii si Windows."

Maringo ya yule bwana yalitugharimu. Lakini na mimi nilikuwa nimeanza kufurahi kidogo. Moyoni nikasema, kigome hivyo hivyo. Kikigoma, harekodi mtu, turudi Ihanja tukiwa sawa, naye tangawizi yake atakuwa ameinywa bure.

Ndipo mama mwenye nyumba akarudi na kapu lake. Tukampa shikamoo zetu, akazipokea moja moja, akauliza kwetu wanalimaje, mvua imeonekana? Mwalimu akamwambia bado. Akasema huku imetangulia, jana jioni ilishuka na radi ya kutisha.

"Nikachomoa vitu vyote," akasema. "Kioo nikakifunika, redio nikachomoa, na ya huyu kijana nikaingia nikachomoa yote. Na kile kidude chake kinachong'aa nikakitoa kabisa nikakifunga. Radi inapenda vitu vya kung'aa."

Kwetu sote jambo hilo ni la kawaida. Ikinguruma unachomoa, unafunika vioo, nguo nyekundu unavua. Nani hafanyi? Lakini fundi aliganda.

"Mama, ulikichomoa na hiki?"

"Sasa nikiache kitulipukie?"

Fundi akarudi kwenye kiti mbio mbio. Akaandika maneno kwenye dirisha jeusi, ikatokea mistari michache tu, na kila mstari una namba mbele. Akajipiga paji la uso. Nikachungulia kwa nyuma yake.

"Sifuri ni nani na moja ni nani?"

"Kompyuta inavipa vifaa vya sauti namba kwa kufuata nani katangulia," akasema. "Siku zote nawasha wakati kisanduku kimeshachomekwa, ndicho kinachotangulia, kinakuwa sifuri. Leo nimewasha kisanduku kikiwa kwenye kabati la mama. Tundu la kompyuta lenyewe likatangulia, likachukua sifuri. Kisanduku kimekuja baadaye, kimekuwa moja. Na mimi niliiambia mashine zamani: sauti ya kutoka ipeleke kwa sifuri."

"Kumbe hata huko kuna mke mkubwa na mke mdogo."

Fundi akacheka. "Ndiyo hivyo. Chakula chote kimepelekwa nyumba kubwa, na nyumba kubwa leo hakuna mtu."

"Na kurekodi je?" mwalimu akauliza.

"Kurekodi nilikitaja kisanduku kwa jina lake, siyo kwa namba." Alipomaliza kusema hivyo akaniangalia. Akazichomoa hedifoni kwenye kisanduku, akazungukia nyuma ya kompyuta, akapapasa, akazichomeka kwenye lile tundu dogo la kuzaliwa nalo. Akabonyeza. Nikaona midomo yake inaachana polepole. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akahamisha waya wa spika, akabonyeza tena.

Sauti yangu ikatoka. Ilijaza chumba, ikatoka mlangoni, watu wa barazani wakaacha kuzungumza. "Umenipitisha kwenye mawe..." Ile ya mwisho, ya hasira, na pumzi yake mbaya na "eee mama" yake. Mama mwenye nyumba akaweka kapu chini, akakaa hapohapo kizingitini. Mimi mwenyewe sikujua kama nina sauti ile. Nilitamani kumuuliza mtu ni nani huyo anayeimba.

"Hii ilirekodiwa saa ngapi?" mwalimu akauliza.

"Nilipokuwa chini ya meza," fundi akajibu.

Kisha akaandika mstari mmoja kwenye faili fulani la mashine, akatueleza maana yake: kuanzia leo, hata kisanduku kichelewe vipi, hata mama akifungie kabatini mwezi mzima, kikija ndicho sifuri. Mstari mmoja tu, ukubwa wa kisanduku ukarudi, hakuna wa kukiondoa. Akaizima mashine na kuiwasha, mwenyewe na maringo yake, na kisanduku kikaanza kuimba kupitia matundu yake. Nilikionea wivu kile kidude, nasema kweli. Mimi nani angeniandikia mstari kama huo?

Mama Mwalimu akaingia, akaimba. Aliimba vizuri, sitamsingizia. Kila neno mahali pake, pumzi mahali pake. Fundi akapiga ya kwake, kisha akapiga ya kwangu, bila kuambiwa na mtu. Mwalimu alifumba macho kama alivyofumba siku ile ya kwanza nilipompelekea wimbo, na jasho lilimtiririka kwenye sikio. Mke wake alikuwa anamtazama. Mimi nilikuwa namtazama mke wake.

"Tutatumia ya dada," mwalimu akasema, hajafumbua macho.

Basi kwaya ikaimba chini ya sauti yangu, na nikarudi Ihanja juu ya magunia matupu nikiwa nimenyooka kuliko sauti ya mtu yeyote. Kaseti ilipotoka, ikapigwa kwenye maduka ya barabarani, nilikuwa najikuta nina shida ya chumvi kila siku. Naingia dukani, nanunua chumvi taratibu, nasikiliza. Mume wangu akasema kwa chumvi hii sasa tutakausha nyama ya tembo.

Furaha yangu ilidumu mpaka waliposema tufanye video, maana Kiomboi wanayo.

Video ya kwaya inapigwa hivi: mnavaa sare, mnasimama mahali pazuri, kaseti inapigwa kwenye spika, nanyi mnacheza na kufuatisha kwa midomo. Haimbi mtu. Tulikwenda mjini, kwenye yale mawe makubwa kando ya ziwa Singidani, na mpiga picha akaanza kutupanga. Mimi nikajiweka mbele, palepale mahali pa kiongozi. Mwalimu akaja, akanishika kiwiko, akanisogeza kando.

"Dada, mbele atasimama Mama."

"Wimbo gani?"

"Na ule pia."

"Mwalimu, ule ni sauti yangu."

"Ndiyo. Na imo, nani ameitoa? Lakini video ni ya macho. Sauti haionekani." Akapunguza sauti yake. "Watu wa mjini wanaangalia mwonekano, dada yangu. Usiichukulie vibaya."

Niichukulieje sasa? Nilitaka kuvua sare nimtupie usoni nirudi kwa miguu. Nilichomjibu sikiandiki hapa, maana wajukuu wanajua kusoma. Mwishowe wazee wa kanisa wakanibembeleza, na mimi nikakubali kusimama mstari wa nyuma, juu ya jiwe, nikijua kuwa angalau kichwa changu kitaonekana. Walau kichwa. Mtu wa Ihanja ataniona aseme yule pale.

Spika ikapigwa. Sauti yangu ikatoka kwa nyuma ya mpiga picha, ikagonga mawe, ikarudi. Na mbele yangu, chini kidogo, nikaona kisogo cha Mama Mwalimu, nywele zimesukwa vizuri, na mikono yake miwili inainuka kana kwamba sauti ile imetoka kifuani mwake. Jamani. Kuibiwa ng'ombe unaweza kulia. Kuibiwa sauti ukiwa umesimama hapohapo, mdomo wako unachezacheza nyuma ya mwizi, unalia kwa mdomo gani?

"Simamisha!" mpiga picha akapiga kelele. "Mama, mdomo umechelewa. Kwenye 'mawe' umefunga, spika bado inaimba."

Wakarudia. Safari hii akavuta neno, lakini pale nilipovuta pumzi yeye akaendelea. Wakarudia. "Eee mama" ikamkuta amefumba mdomo. Wenye soprano wakaanza kukohoa, cheko limewabana. Jua likapanda, mawe yakaanza kuchoma kupitia viatu. Kila alipokosea nilisikia utamu kabisa, sitaficha. Endelea, nikasema moyoni, tafuta, mimi nilikuwepo wewe hukuwepo.

Mwalimu akaanza kumkemea mbele ya watu. "Umesomea nini chuoni miaka yote?" Mama Mwalimu akageuka, akapanda mawe kwa viatu vyake vya kisigino, akapita watu wa besi, akapita alto, akaja hadi niliposimama. Uso wake ulikuwa umelowa, jasho au machozi, sijui.

"Dada, pale kwenye 'mawe' unavuta pumzi wapi? Nimeusikiliza wimbo huu nyumbani mpaka kaseti imekwaruza. Sipaoni."

"Hata mimi sipajui," nikamwambia. "Siku ile sikuwa naimba. Nilikuwa na hasira na wewe. Umekaa na tangawizi yako, unatandikiwa kanga."

Nilidhani atakasirika. Hakukasirika.

"Basi nionyeshe hiyo hasira," akasema. "Simama nikuone."

Ningeweza kumwambia ashuke kama alivyopanda. Nilikuwa na jibu tayari, tamu, kwenye ncha ya ulimi. Lakini spika ilikuwa pale, na ndani yake nilikuwa mimi, na kama mdomo ule ungeendelea kukosea, watu wangeucheka wimbo wangu hadi Itigi. Nikashuka kwenye jiwe langu. Nikasimama chini, ubavuni mwa mpiga picha, nikamgeukia. Kaseti ikapigwa, nami nikaimba bila sauti, mdomo wazi, macho nimemkazia, na hasira yote kama ilivyokuwa kwenye chumba cha magodoro, maana ilikuwa haijakwenda popote. Naye akanikazia macho. Nilipovuta pumzi akavuta. Nilipochelewesha akachelewesha. Wimbo ukaisha, mpiga picha akanyanyua dole gumba, na ilikuwa mara ile ile moja, haikurudiwa.

Video ile niliiona kwa mara ya kwanza kwenye harusi kijijini. Walitoa televisheni nje, jenereta inaunguruma, wageni wamejaa. Ulipofika wimbo wangu watu wakanyamaza. Nikautafuta mstari wa nyuma, jiwe langu likaonekana, tupu. Kamera ikasogea kwa Mama Mwalimu, uso wake ukajaa kioo kizima, macho hayapepesi, yanatazama pembeni kidogo, na mimi naimba.

Pembeni yangu alikuwa amekaa mama mmoja mgeni kutoka Kintinku, upande wa bwana harusi. Alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Huyu binti ameitwa, siyo kuimba tu," akaniambia. "Tazama macho yale. Wewe unadhani anamwona nani pale?"

"Ananiona mimi," nikamwambia.

Akacheka, akanipiga bega kwa upole, akaniomba nisogee kidogo, maana nilikuwa namziba asione.